Swali la Mkwe

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani wa kompyuta katika ghala la kampuni moja iliyowagawia vifaa vya misaada pale Nyamiaga, na maringo yangu hayakuwa madogo. Programu yetu ilipanga mzigo wa kila familia. Unaiambia watu wangapi, nayo inakupa sufuria, madumu, blanketi na turubai.

Makao makuu wakamtuma mtaalamu kutoka Dar aje kupima kama inafaa. Isipofaa, kompyuta ihamishwe, nami nirudi Murukulazo kupalilia maharage. Mama alikwisha kuninolea jembe.

Alikuja kupima kasi. Nikaogopa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeipunguza kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Dirisha la kubadilishia vitu visivyomfaa mtu lilikuwa halipumui kwa watu. Siku moja mama mmoja mkimbizi alirudisha turubai kubwa. Nikamwamkia, nikamweleza kuwa familia yake inaenea vizuri tu.

“Mwanangu, nilale chini ya turubai moja na mume wa binti yangu?” akasema. “Bora mvua.”

Hata kwetu sisi Wahangaza huo ni mwiko, ila nani angekumbuka kuiambia mashine? Nikaiongezea swali: je, kuna mkwe? Akiwepo, turubai moja kubwa inageuka mbili ndogo. Tatizo, kila aliyeulizwa alianza kusimulia habari za mkwewe, na foleni nzima ikachangia.

Siku ya kupimwa ilikuwa vivyo hivyo. Mtaalamu alitazama saa yake, akanuna. Mchana akaenda kwenye dirisha la kubadilishia, akamkuta mama mfanyakazi wa pale anasuka kikapu. Akamuuliza kwa nini amefunga. Akajibiwa kuwa liko wazi tangu asubuhi, ila siku hizi watu hawarudi.

Akaja akaketi kwenye kiti changu, akaingiza familia yake mwenyewe: yeye, mke, watoto, na mama mkwe aliyekuja kulea mzazi. Mashine ikampa turubai mbili. Alicheka mpaka akavua miwani.

“Tangu mtoto azaliwe nakula kibarazani,” akasema. “Hii mashine inanielewa kuliko mke wangu. Haiendi popote.”

Nilifurahi nusura nimkumbatie. Jumapili nikaenda kumwambia mama aliweke lile jembe. Akalitazama, akaniuliza kama hiyo mashine inayojua wakwe haiwezi kumpatia na yeye mmoja.