Andika Jirani

"Hiki ni kibali cha mtegemezi, dada. Sasa unamtegemea nani?"

Afisa wa uhamiaji aliniuliza hivyo kwa upole, fomu zangu mkononi. Alikuwa mwanamke wa rika langu na kazi yake ndiyo hiyo, lakini nilitamani kumjibu vibaya. Nilikuwa nimeishi Tanzania miaka kumi na saba, kumi na minne nikikaa kwa mume kijijini Akheri, mitatu ya mwisho peke yangu kesi ikiendelea, na muda wote huo kibali changu kilitegemea ndoa. Mahakama ilipoivunja ndoa, kibali nacho kikaishiwa nguvu. Shule ya chekechea ninayofundisha Elerai ikaniombea kingine, cha kazi, cha muda mfupi. Hicho kikiisha kabla sijapata uraia, nirudi Machakos kwa kaka yangu, nikalale chumba kimoja na binti zake. Watu hufikiri mtu huomba uraia kwa kupenda bendera. Mimi niliomba kwa sababu huku ndiko ninakojua mvua inaanza lini, na kule nimeshasahau.

Kati ya makaratasi niliyotakiwa kupeleka ilikuwepo barua ya kijiji nilikoishi mwanzo, pamoja na maelezo ya mkazi wa pale wa kushuhudia kwamba nilikaa, na nilikaa vizuri. Akheri niliwajua watu wengi, ila wote niliwajua kupitia kwa mama mkwe. Hata jina waliloniita, kanisani mpaka sokoni, alinipa yeye wiki ya kwanza: Mama Kenya. Kule mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi mtoto sikujaliwa, basi akanipa nchi nzima. Nililichukia jina lile. Nikisema dukani, "Nipe chumvi," muuzaji anacheka: "Mama Kenya, huku tunasema naomba." Nikajifunza kuomba. Niliomba chumvi miaka kumi na minne, na Mama Kenya nikabaki yule yule.

Nilikwenda kwake Jumamosi asubuhi. Kwenye boma lile mgeni hupita mbele, akapiga hodi sebuleni. Mtu wa nyumbani hukatiza kwenye migomba akatokea nyuma, jikoni, maana jiko liko peke yake, nje ya nyumba kubwa. Miguu yangu haikukumbuka kwamba nimeachika. Nilishtuka niko nyuma ya nyumba, mbele ya kamba ya nguo. Palikuwa na kanga nisiyoijua na nguo za mtoto mchanga, na soksi ndogo sana, za manjano. Mama mkwe akatoka jikoni na sufuria, akaniona, tukatazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umepita huku? Zunguka mbele, mgeni."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Nilizunguka, akanifungulia, akanikalisha kwenye kochi lenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Akafungua kabati la vioo na kutoa vikombe vya maua, vile vya wachungaji na washenga. Vikombe hivyo nilivinunua mimi, na katika miaka yote ile sikuwahi kuvinywea. Chai yangu niliinywa jikoni, kwenye kikombe cha bati, nimekaa kwenye kigoda, nikinung'unika kimoyomoyo kwamba sithaminiwi. Siku hiyo nilithaminiwa mpaka nikataka kulia. Nilipomaliza nikainuka kukusanya vyombo ili nikavioshe, akanishika mkono.

"Acha. Jiko lina mwenyewe sasa. Amepeleka mtoto kliniki."

Nikakaa. Nikamweleza shida yangu, yeye akisikiliza huku anatazama mlango. Sikujua kama amekubali au amekataa. Aliingia chumbani akatoka amevaa kitenge cha Jumapili na viatu vya kufunika, na tukashuka hadi ofisi ya kijiji, yeye mbele, mimi nyuma, kama zamani tulivyokwenda kanisani.

Mtendaji wa kijiji akamuuliza ananijuaje.

"Alikaa kwangu miaka kumi na minne," mama mkwe akasema. "Hajaiba. Hajatukana mtu. Alikuwa anaamka kabla yangu, na mimi naamka mapema."

"Sawa, mama. Hapa panataka uhusiano. Niandike mkwe?"

Mama mkwe alitazama mikono yake. Mkwe alikuwa naye tayari, ananyonyesha, na karatasi ilikuwa ya serikali.

"Andika jirani."

"Jirani? Si amesema anakaa Elerai?"

Elerai iko ng'ambo ya pili ya jiji. Mtu atoke Akheri, alipite jiji zima, ndipo afike.

"Nimesema andika jirani."

Akaandika. Mama mkwe akasaini polepole, akaniaga pale pale ofisini, akapanda kwenda kwake.

Miezi ikapita. Ikaja zamu ya gazeti, maana mwombaji hutangazwa, ili yeyote mwenye sababu ya kumpinga apeleke maandishi. Nilijisoma nimesimama nje ya duka. Nilimwogopa mume wangu wa zamani, ambaye mahakamani hakubakiza neno. Safari hii hakusema kitu. Hakuna aliyesema kitu. Nilifurahi, lakini niliona aibu pia: nchi nzima hakukuwa na mtu mwenye la kusema juu yangu, hata baya.

Kisha nikatakiwa kuukana uraia wa Kenya. Nikampigia kaka.

"Sasa ukifa tukuzike wapi?" akauliza.

Alicheka, ila hakuwa anatania. Kwetu mke huzikwa kwa mumewe. Nilimwambia salio linaisha, nikakata simu, na salio lilikuwepo.

Cheti kilitoka kipindi cha masika. Nilikuwa nimeapa, nimesaini, nimepewa mkono. Walimu wenzangu walinipongeza kwa soda wakati wa mapumziko, kengele ikalia, tukarudi darasani. Nyumbani nilikiweka mezani, nikafungua simu nimtafute wa kumwambia. Niliyapitia majina yote kutoka juu hadi chini. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungukazunguka hilo. Mtu pekee niliyetaka akione ni mama mkwe, na yeye simu hanaga.

Jumamosi nikaenda Akheri. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, nami nikapita mbele bila kukosea. Nikapiga hodi.

Alifungua mwanamke kijana, unga mikononi, mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa amekua, soksi zile zisingemtosha tena.

"Shikamoo, mama. Karibu, mgeni," akasema. "Bibi yuko jikoni. Nimwambie ni nani?"

Kwenye mkoba nilikuwa na cheti chenye majina yangu matatu na muhuri wa Jamhuri. Niliyafikiria yote matatu. Katika nyumba ile hakuna hata moja lililowahi kutumika.

"Mwambie ni Mama Kenya," nikasema.