Gari Lililovishwa Mashuka ya Maua

Kazi ya Reinhold Maute ilikuwa kuendesha magari ambayo bado hayajazaliwa. Kiwanda kikishaunda gari jipya, kabla ya kulitangaza, yeye hulipeleka milimani kwenye theluji na mashimo aone litalalamika wapi. Ili wapiga picha wa magazeti wasiibe umbo lake, hubandikwa karatasi za mistari myeusi na myeupe mwili mzima, kama punda milia.

Ijumaa moja barafu ilifunga barabara. Mkuu wake, Bi Vollmer, alimruhusu alale kwa mama yake, Mathilde, kwa sharti moja: gari likionekana bila mistari, kazi hana.

Asubuhi alipochungulia dirishani aliona uani gari jekundu linalometameta. Alilisifu kwanza, ndipo akalitambua.

"Mama! Umefanya nini?"

Mathilde alikuwa akikamua tambara. Mtaani kwao, gari chafu siku ya Jumamosi ni aibu ya ukoo mzima.

"Nimekuoshea. Na yale makaratasi nimeyabandua kwa maji ya moto. Unataka majirani waseme nimezaa mvivu?"

"Hiyo ndiyo nguo yake!"

"Basi fundi wake hana macho."

Mara pikipiki ikasikika ikipanda kilima. Reinhold aliijua: ya Kessler, mpiga picha aliyekuwa akimwinda tangu theluji ya kwanza.

"Huyo akiliona, mama, nimekwisha."

Mathilde akakimbilia kabati la mashuka. Kessler alipofika langoni, gari lilikuwa limevikwa mashuka ya maua, limefungwa kamba ya kuanikia nguo, na puani lina foronya.

"Vipi, Maute, gari lina homa?"

"Limetoka kuoga," Mathilde akamjibu. "Na wewe, kwenu hawakukufundisha kutochungulia?"

Kessler akapiga picha hivyo hivyo. Gazeti likaandika kwamba kiwanda kimebuni kificho kipya. Bi Vollmer aliitazama ile picha, akakunja uso, kisha kicheko kikamponyoka.

"Hata milango haihesabiki! Kazi unayo, Maute. Ila safari ijayo, lala hotelini."

Siku ya uzinduzi Mathilde alialikwa, akakaa mstari wa mbele. Gari lilipofunuliwa, ukumbi mzima ukashangilia. Yeye alikaza macho kwenye boneti, akamgusa mwanawe kwa kiwiko.

"Nani kaliosha hili? Ona, kaacha madoa ya maji."