Bi Pindo na Pikipiki ya Shemeji

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bi Pindo, na jina hilo alijitakia mwenyewe, maana alikuwa hawezi kumwona mtu mwenye nguo iliyofumuka pindo akanyamaza. Angekusimamisha hapo hapo barabarani, akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, akachutama na kukushonea, nawe umeganda kama mlingoti huku watu wakikupita na kucheka. Kazi yake hasa ilikuwa kushona magauni ya harusi. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba cha nyuma, kinachotazama uani, kilikuwa cha mumewe, mwoka mikate, mtu mpole mwenye unga hata kwenye nyusi. Katikati palikuwa na stoo, na ndani ya stoo, kwa miaka tisa, palikuwa na pikipiki ya shemeji.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa huyo mwoka mikate. Aliiacha pale siku alipohamia mtaa wa mbali, akasema, "Nitaifuata wiki ijayo." Wiki hiyo haikufika. Ilikuwa pikipiki ya mbio ya zamani, zile za kulalia tangi, nyekundu, silinda nne, maganda ya plastiki yakiifunika ubavuni. Lakini nani aliiona? Bi Pindo aliipandishia majora ya vitambaa: satini kwenye kiti, lesi kwenye usukani, bitana juu ya tangi. Ikageuka kabati.

Ndipo panya akaingia stoo. Bi Pindo, ambaye kwa panya hana mzaha, akatoa majora yote nje, na pikipiki ikabaki uchi. Akafuta vumbi la tangi kwa kiganja. Wekundu ukachungulia. Akatazama huku na huku kama mwizi, akainua gauni, akapanda, kwa kujaribu tu. Mikono ikafika kwenye usukani bila taabu. Magoti yakaingia kwenye mabonde ya tangi kana kwamba mtu alikuja kumpima kwanza ndipo akaiunda. Fundi nguo anakijua kitu kilichomkaa mtu, na hiki kilimkaa.

Si kwamba alikuwa mgeni wa pikipiki. Enzi za usichana wake alikuwa akiwapelekea wateja nguo kwa kipikipiki kidogo kilicholia kama nyuki aliyefungiwa chupani, na leseni alikuwa nayo bado. Akampigia shemeji simu.

"Shemeji, hii pikipiki yako..."

"Bado ipo?" Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Ichukue, shemeji yangu! Hata ukiifanya kiti cha cherehani, mimi sina neno."

Mumewe alipomkuta anaisukuma kuelekea uani, alisimama na trei ya mikate mikononi.

"Mke wangu, unaipeleka wapi?"

"Nataka kuiwasha."

"Miaka tisa! Hata hamira ya miaka tisa haiumui mkate."

"Hamira haina plagi," alisema Bi Pindo, akaendelea kusukuma.

Fundi pikipiki wa karibu alikuwa na banda pale njia panda. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, aliyependa kula karanga, na watu walimwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa kila mgonjwa aliyeletewa. Alikuja uani, akaizunguka pikipiki mara kadhaa, akafungua kifuniko cha tangi na kunusa. Akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyepigwa kofi.

"Taratibu," alisema. "Usibonyeze kitu chochote. Kwanza tuitoe sumu."

Petroli ilitoka rangi ya chai ya rangi iliyochemka mno, inanuka vanishi. Oili ilitoka nzito kama uji. Taratibu akabonyeza tairi la nyuma kwa ukucha. Ukucha haukuingia hata kidogo.

"Si bado lina meno mazuri?" aliuliza Bi Pindo.

"Ya bandia. Limekauka likawa kama kibao. Ukiinama nalo kwenye kona, utakutana na lami uso kwa uso."

Wakapatana hivi: Taratibu ataonyesha, Bi Pindo atafanya. Yeye hakutaka kutengenezewa, alitaka kutengeneza. Basi kila jioni, baada ya kufunika cherehani, akajifunga kanga ya zamani na kushika spana. Akabadilisha tairi zote mbili, mipira ya breki na maji yake. Akasafisha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ambao mumewe aliutafuta sana asubuhi moja kabla ya kuambiwa umekwenda wapi. Kiti kilichopasuka akakishona upya kwa mshono wa mara mbili, na Taratibu alipokiona alikipapasa, akasema kuwa yeye mwenyewe suruali yake haijashonwa vizuri hivyo. Bi Pindo akaitazama suruali. Pindo lilikuwa limefumuka. Akachomoa sindano.

Kazi ngumu ilikuwa kabureta, zile za kuchanganyia petroli na hewa. Zilikuwa nne, zimepangana kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Ndani ya kila moja mlikuwa na vipande vya shaba vyenye matundu membamba kuliko jicho la sindano ndogo kabisa, na petroli iliyokauka ilikuwa imeyaziba yote. Alizilaza juu ya meza ya kukatia nguo, kwenye shuka, akaziandika namba kwa chaki ili vipande vya ya kwanza visioane na vya ya nne. Taratibu alimwonya asitumie waya wa chuma, kwani ungeyapanua matundu. Akampa uzi mmoja mwembamba wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa umeme. Bi Pindo akakaa dirishani, akasafisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipokuwa ndiyo kwanza anaishika ya nne, bibi harusi akabisha hodi. Amekuja kujaribu gauni.

Bi Pindo akakifuta kipande upesi upesi, akakirudisha mahali pake, akafuta mikono kwa kitambaa, akakimbilia gauni. Bibi harusi akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Fundi, hii ni nini?"

Nyongani, katikati ya satini nyeupe pe, palikuwa na alama ya dole gumba jeusi.

"Ni chaki," alisema Bi Pindo.

"Chaki nyeusi?"

Bi Pindo akaona uongo huo hauna miguu. "Mwanangu, nisamehe. Ni oili ya pikipiki. Itatoka, nakuapia."

"Pikipiki gani?"

"Ya mbio. Ninaitengeneza."

"Wewe?" Bibi harusi akalisahau doa. Akavuta pindo la gauni juu, akaenda stoo kuchungulia, akarudi macho yakimng'aa. Doa likatolewa kwa unga wa wanga na sabuni, polepole, mpaka satini ikawa kama haikuguswa. Tangu siku hiyo Bi Pindo akawa na aproni mbili, nyeupe na nyeusi, na mumewe akamwekea sukari iliyochanganywa na mafuta ya kupikia kando ya bomba, ya kusugulia kucha.

Siku ya kuiwasha ilikuwa Jumamosi mchana. Betri mpya, petroli mpya, oili mpya. Taratibu akavuta choki, ya kuamshia injini baridi, na kurudi nyuma hatua kadhaa, jambo ambalo Bi Pindo hakulipenda. Bi Pindo akabonyeza swichi. Injini ikaguna, ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Safari hii ikashika! Mwoka mikate akatoka mbio, unga wa ngano umemganda mpaka viwikoni, akidhani tanuri limelipuka.

"Imewaka!" alipiga kelele Bi Pindo.

"Nasikia!" alijibu mumewe. "Na majirani wanasikia!"

Lakini Taratibu alikuwa amekunja uso. Mlio ulikuwa hausimami sawasawa, ulikuwa unachechemea. Akachovya vidole kwenye kopo la maji, akanyunyizia ekzosi moja moja pale zinapotoka kwenye injini. Ya kwanza, chssss. Ya pili, chssss. Ya tatu, chssss. Ya nne maji yakateremka kimya kimya kama machozi.

"Huyu wa nne amelala," alisema. "Wenzake watatu wanambeba."

Bi Pindo akakumbuka bibi harusi na ile haraka. Haikumchukua muda kujua kosa liko wapi. Kesho yake akaifungua kabureta ya nne, akakitoa kile kipande cha shaba, akakielekeza dirishani kama mtu anayetunga uzi. Hakuna mwanga uliopita. Akakiloweka, akapitisha uzi wa shaba, akakielekeza tena dirishani. Nuru ndogo ikamkonyeza. Walipoiwasha na kunyunyizia maji, ekzosi zote nne zililia chssss, na mlio ukawa mmoja, laini, kama kitambaa kizuri kinachopasuliwa kwa mkupuo.

Kuiendesha kulikuwa somo jingine. Siku ya kwanza alirudi viganja vikimuuma hata hakuweza kushika mkasi.

"Unaegemea mikono," Taratibu alimwambia. "Mikono si nguzo. Bana tangi kwa mapaja, ushikilie mwili kwa tumbo, viwiko vilegee. Na kwenye kona tazama unakotaka kutokea. Ukilitazama shimo, utaliingia."

Bi Pindo akajifunza. Akaijua barabara ya mlimani, kona baada ya kona, akijilaza kidogo zaidi kila mara, tairi mpya zikishika lami, na kifuani furaha ambayo hakujua kama bado anayo. Akirudi nyumbani huimba huku anashona.

Habari hazina mguu lakini hutembea. Jumapili moja asubuhi shemeji akatokea mlangoni, kofia ya pikipiki kwapani, imefutwa vumbi vizuri.

"Shemeji, hujambo! Nimesikia mtoto wangu ameamka."

Bi Pindo alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo. Mwoka mikate akaangalia mkewe, akaangalia ndugu yake, akaona heri aende kutazama mikate, ingawa mikate ilikwisha toka tanurini zamani.

"Ulisema niichukue," Bi Pindo alisema polepole.

"Nilisema. Ila wakati ule ilikuwa maiti, shemeji. Nani aligombea maiti?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. Alikuwa amekwisha iona uani, na mkono wake ulikuwa unapapasa tangi lile jekundu.

Bi Pindo angeweza kusema mengi. Angeweza kutaja jioni zote zile, kucha, mgongo, doa. Lakini kadi ya pikipiki ilikuwa na jina la shemeji, na ugomvi na ndugu wa mume ni moto wa makumbi, hauzimiki upesi. Akatoa ufunguo mfukoni.

"Endesha kwanza," alisema. "Halafu tuzungumze."

Shemeji akavaa kofia, ikamkaba mashavu. Akainua mguu mara ya kwanza, haukuvuka kiti. Mara ya pili ukavuka. Akainama kuufuata usukani, na tumbo likatangulia kufika kwenye tangi. Akaondoka, kishujaa. Wakamsikia akipita mtaa wa kwanza, kisha wa pili, kisha kimya. Bi Pindo akaingia ndani, akachukua sindano, akaiweka, akaichukua tena.

Aliporudi, alikuja mwendo wa konokono, ameikanyagisha miguu yote miwili chini kama mtoto anayejifunza baiskeli. Akasimama uani. Akazima. Hakushuka.

"Kaka," aliita kwa sauti ndogo kutoka ndani ya kofia. "Kaka, njoo. Kiuno kimegoma."

Wakamshusha wawili, mume huku, mke kule, kama watu wanaoteremsha gunia la ngano. Akabaki ameinama vile vile, mikono mbele, anashika usukani usiokuwapo.

"Hii pikipiki imesinyaa," alisema. "Zamani haikuwa ndogo hivi."

"Mdogo wangu," alisema mwoka mikate, mpole kama kawaida yake, "pikipiki haijasinyaa. Wewe ndiye umeumuka."

Shemeji akalitazama tumbo lake. Kisha shemeji akaanza kucheka, na kila akicheka kiuno kikamuuma, na kila kikimuuma akapiga yowe na kucheka zaidi, mpaka wote watatu wakakalia ngazi za nyuma wakifuta machozi. Walipotulia shemeji akaitazama tena pikipiki.

"Shemeji," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kweli, "mimi sikuwahi kuisikia ikilia hivyo. Nilikuwa naiendesha tu, siitunzi. Nilipoambiwa imewaka niliona wivu, basi. Kesho twende tukabadilishe kadi. Ila usiniambie tena nipande."

Kadi ikabadilishwa. Shemeji akaanza kuja Jumapili nyingi, si kuendesha, bali kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kula mkate wa moto, na kumwambia Bi Pindo kuwa cheni imelegea, jambo ambalo Bi Pindo alikuwa amekwisha liona tangu Alhamisi.

Mwisho hata mwoka mikate akashawishika. Kiti cha nyuma cha pikipiki ile kilikuwa kidogo na juu sana, akakaa kama kuku juu ya kichuguu, akamkumbatia mkewe kiunoni na kufumba macho. Mpaka mwisho wa mtaa alikuwa anasema, "Polepole, mama, polepole." Kona ya kwanza ya mlimani akanyamaza. Kona ya pili Bi Pindo akasikia anacheka peke yake. Ya tatu akaipunguzia mwendo kwa kumhurumia, naye akamgonga begani.

"Mbona unazembea? Twende!"

Juu kabisa wakasimama. Upepo ulikuwa umempeperushia mumewe unga wote, nyusi zake zikaonekana nyeusi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikuwa anatetemeka, shati lake jembamba limemganda mwilini.

"Jumapili ijayo," alisema meno yakigongana, "tufike kule ng'ambo. Lakini baridi hii, mke wangu, itaniua."

Bi Pindo akatoa futi ya kupimia mfukoni, maana hakuwahi kutoka bila futi.

"Simama wima," alisema. "Nyoosha mikono, nikupime koti."