Kaburi la Kumi na Nne

Wenzake walipostaafu ualimu walifuga kuku. Yeye akaenda kutunza makaburi. Watu walimtania kwamba hatimaye amepata darasa linalokaa kimya. Hakujali. Alikuwa mtu wa kamba na tepu, shati limechomekwa, kalamu sikioni, na kwa miaka thelathini hakuna somo alilolifundisha kwa raha kama lile la namba zinazokwenda kwa hatua sawa. Ukijua ya kwanza, ukajua ya mwisho na ukajua ziko ngapi, za katikati hazijifichi. Alilisema hilo mpaka wanafunzi wakambandika jina: Hazijifichi.

Mwaka wake wa pili kazini, mvua kubwa ilisomba vibao vya mbao vya mstari wa juu na kusawazisha matuta yote. Yalisalia makaburi mawili ya saruji, la kwanza na la ishirini na moja. Daftari la ofisini lilionyesha nani yuko namba ngapi, basi; vipimo havikuandikwa. Ndugu wa marehemu walisimama kwenye tope wakilia upya. Mmoja wao alikuwa mama fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa namba kumi na nne.

Hazijifichi akanyoosha tepu. Mita thelathini na nne kati ya saruji na saruji, nafasi ishirini: kila nafasi mita moja na sentimita sabini. Akamcheka kimoyomoyo mchimbaji wa zamani kwa kubana ardhi vile. Kutoka la kwanza hadi la kumi na nne ni nafasi kumi na tatu, yaani mita ishirini na mbili na sentimita kumi. Akapigilia kigingi, akamwita yule mama wa watu.

"Binti yako yuko hapa," akamwambia. Mama akamshika mikono yote miwili.

Mchimbaji mwenyewe alikuwa amehamia mbali kwa mkwewe. Barua moja ingetosha. Kuuliza si ujinga, lakini mtu aliyezoea kuulizwa yeye huona uzito.

Miaka tisa fundi cherehani alikuja kila Jumapili. Wengine wa mstari ule waliacha kuja, mmoja mmoja, yeye hakuacha. Alipanda maua, akang'oa magugu, akamsimulia binti habari za wateja: nani amenenepa na hataki kukubali, nani ameleta kitambaa cha leso akitaka gauni la mikono mirefu. Hazijifichi alisikia huku akifagia, akacheka peke yake. Kisha mama akaanza kukohoa na kukonda. Siku aliyoshindwa kutembea alituma ombi moja tu, azikwe miguuni pa kigingi kile.

Wiki hiyo hiyo mchimbaji wa zamani alikuja kumzika dada yake. Alipita mstari wa juu na mkongojo wake, akasimama, akauliza wale watoto wamekwenda wapi. Hazijifichi akamuuliza watoto gani. Sita wa surua, akasema mzee, kuanzia la tano hadi la kumi.

"Mtoto mchanga nimpe mita mbili za nini? Kila mmoja nilimpa moja. Wakubwa ndio mbilimbili. Nani alikwambia hatua zangu zilikuwa sawa?"

Hazijifichi hakuhitaji kalamu. Sita kwa moja, saba kwa mbili: ishirini. Binti alikuwa kwenye mita ishirini. Kwenye mita ishirini na mbili alilala namba kumi na tano, mzee asiye na ndugu. Akakaa juu ya saruji. Aibu ilimshika, lakini kilichomuuma zaidi ni zile Jumapili zote.

Alikwenda kwa mama mchana. Cherehani ilifunikwa shuka, kitanda kilisogezwa dirishani. Akaeleza yote bila kujitetea, akasema kosa ni lake, na kwamba mahali penyewe si mbali, ni upande wa... Mama akainua mkono kumzuia.

"Mwalimu, nilimzika mara moja, mvua ikanifanya nimzike tena. Mara ya tatu siiwezi."

"Lakini pale si yeye, mama."

"Kila kitu nimemwambia pale. Nilaze pale pale. Na usinitajie upande."

Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Asubuhi ya mazishi Hazijifichi alisimama na kamba mkononi. Angeweza kuisogeza mita mbili, na hakuna ambaye angejua. Vijana wa sururu walingoja, mwishowe mmoja akamuuliza wachimbe wapi. Akawaonyesha pale mama alipotaka, kisha akalia mbele yao, mzee mzima, kwa sababu binti alikuwa mita mbili tu upande wa kushoto.