Msafishaji wa Rumonge anayeomba aachiwe uchafu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Benedicte Akonkwa anasimama kwenye lango la nyumba ya wageni karibu na soko la Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ndoo mbili mkononi, ametega sikio. Leo amewahi kwa saa moja na nusu, na hakumwambia mtu. Kutoka ndani inasikika sauti aliyokuwa akiiogopa: brashi inasugua sakafu.

Anasukuma mlango. Mwenye nyumba, Jamila, mjane wa miaka sitini na miwili, amepiga magoti koridoni, kanga kiunoni, povu hadi viwikoni.

"Mama, uko unafanya nini?"

"Niko nagusagusa kidogo tu, Mama Schékinah. Ukute hii uchafu yote, utasema niko mutu wa namna gani?"

Benedicte anatua ndoo kwa kishindo. Uchafu huo ndiyo kazi yake.

Mama huyu wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Uvira, alijifunza kusafisha kwa miaka minne katika hoteli moja ya Bujumbura. Huko alifundishwa kwamba vumbi hutolewa likiwa kavu, sabuni hupimwa, na maji ya kusuuzia hukaa kwenye ndoo yake peke yake. Miaka mitatu iliyopita alihamia Rumonge kuanzisha biashara yake, akiamini mji wa samaki na mawese hauwezi kukosa uchafu. Kweli, upo tele. Shida ni kwamba hauruhusiwi kuonekana.

Wateja wake wanaona haya. Wakijua anafika saa mbili, tangu alfajiri wameshamwaga maji nyumba nzima na kusugua kwa sabuni ya mawese inayochemshwa hapahapa mjini. Kwa nguo, sabuni hiyo haina mfano. Ikimwagwa kwenye saruji bila kusuuzwa, inaacha utando unaoteleza na kushika vumbi. Kisha Benedicte anafika, anaambiwa nyumba ni safi, apunguze bei.

"Wananilipa nusu, halafu wanalalamika sakafu inanata!" anasema huku akivuta glavu kwa hasira. "Nilikuwa na nyumba munane, sasa zimebaki tatu. Nimesema mpaka nimechoka."

Wiki iliyopita mgeni wa Jamila, mchuuzi wa samaki aitwaye Mulamba, aliteleza koridoni akaumia kiwiko. Lawama zote zikamwangukia Benedicte, na Jamila akamwambia leo ndiyo siku yake ya mwisho. Nyumba hii yenye vyumba kumi na kimoja ndiyo inayomlisha na kumsomesha binti yake, Schékinah. Akiipoteza, biashara imekufa.

"Chenye kiliangusha Mulamba ni hii povu yako, mama," anamwambia. "Siyo mimi."

Jamila anafura. Yeye ameosha sakafu tangu Benedicte hajazaliwa! Lakini Benedicte hanyamazi. Anaomba chumba kimoja tu ambacho brashi haijakifikia, kisiguswe hadi kesho, koridoni kukishakauka. Kikiteleza, ataondoka mwenyewe. Jamila anasitasita, kisha anafunga chumba namba tatu na kumpa ufunguo, maana anajijua: akibaki nao, ataingia na ndoo.

Asubuhi inayofuata Benedicte anakifungua. Kuna mchanga wa ufukweni, magamba ya samaki, alama za ndala zilizokanyaga mawese. Anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Anafagia pakiwa pakavu, anakata mafuta kwa maji ya moto na sabuni kijiko kimoja, anasuuza mara mbili, akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Sakafu ikikauka, Jamila anavua viatu na kutembea humo peku, akisugua wayo chini. Kisha anatoka koridoni, alikosugua mwenyewe jana, anateleza, nusura aanguke, anajishikiza ukutani.

Haombi radhi, wala Benedicte hasubiri kuombwa.

Benedicte anapanga kuajiri wanawake wawili na kuandikisha biashara yake komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Katika mkataba, sharti la kwanza litakuwa mteja asioshe chochote kabla msafishaji hajafika. "Nitaandika na herufi kubwa," anasema, "na bado watanidanganya."

Kabla hajaondoka, Jamila anamwita hadi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe cha kulala, ambacho hata dada zake hawajawahi kuingia.

"Kesho uanzie hapa," anasema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. "Sitagusa kitu. Lakini chenye utaona humu, usimwambie mutu."