Boneti ya Mkeka na Pamba ya Mama

Mama yangu hakuamini kwamba kusugua ni kazi. Kulima ni kazi, kuchunga ni kazi, kuuza dagaa mnadani ni kazi hata kama dagaa wenyewe wana mchanga. Lakini mtu mzima, mwenye mikono miwili na meno yote, kushinda kutwa anasugua kitu ambacho tayari ni laini? Huyo, kwa mama, alikuwa amedanganywa na watu wa mjini. Na aliyedanganywa ni mimi, binti yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, dhahabu ya upande wa Geita ilipokuwa inawapa watu magari kabla haijawapa nyumba. Nilifanya kazi kwenye gereji ya kupiga rangi, Shinyanga mjini. Magari yalitujia yamechubuliwa na miiba na changarawe, na wenyewe wakitaka yang'ae kama yameshuka melini jana. Niliingia pale kama mwosha magari. Fundi mkuu, mzee wa Kisukuma mwenye kitambi na moyo mzuri, aliona kwamba wanaume wake wakishika msasa wanasugua kama wanaoua nyoka, basi siku moja akanipa mimi. Sijawahi kuwa mpole wa maneno, na yeyote aliyefanya kazi nami atakuambia hivyo bila kuulizwa. Lakini mikono yangu ina subira ambayo mdomo wangu haujawahi kuijua. Nikawa msuguaji na mng'arishaji wa gereji nzima, na nilikuwa na furaha kiasi cha kuimba kazini, jambo ambalo wenzangu walilivumilia.

Habari hizo zilifika kwetu Kishapu zikiwa zimeharibika njiani. Mama aliambiwa mwanawe anashinda na wanaume waliopakaa grisi. Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, akatuma ujumbe kwa utingo wa basi: kaa tayari, Ijumaa nakuja kukuchukua, mikono inahitajika shambani. Pamoja na ujumbe alinitumia kiroba cha pamba, ameitoa mbegu kwa vidole vyake mwenyewe, nijazie mto, maana alisikia pia kwamba nalalia nguo zilizokunjwa. Ndivyo alivyo mama. Anakugombeza huku anakutandikia.

Kiroba nilikitundika kwenye msumari pale gereji, nikasema nitakishughulikia kazi ikipungua. Kazi haikupungua, kwa sababu wiki hiyohiyo ililetwa boneti ya tajiri.

Huyu tajiri alikuwa na duka la khanga na vitenge karibu na soko. Mhindi, mzaliwa wa palepale Shinyanga kama baba yake, na Kisukuma cha sokoni alikiongea kwa kasi kuliko mimi. Siku za kazi alipima vitambaa kwa upole. Siku za mapumziko alivaa kofia ngumu na kuendesha gari la mashindano kwenye barabara za vumbi kana kwamba anafukuzwa na deni la ukoo. Ndugu yake wa ng'ambo alikuwa amemletea boneti ambayo haikuwa ya bati. Ilikuwa ya nyuzi za kaboni, nyuzi nyeusi zilizosukwa kama mkeka kisha zikagandishwa zikawa ngumu. Fundi mkuu aliinyanyua kwa mkono mmoja, akacheka mpaka kitambi kikacheza.

"Tajiri, hii ni boneti au ni sinia?"

"Hiyo hiyo moja tu, fundi," tajiri akasema, naye hakucheka. "Mashindano ni Jumamosi. Ikiharibika sina nyingine, na ndugu yangu hatanitumia tena."

Juu ya mkeka ule kulikuwa na vanishi isiyo na rangi, sisi tuliiita klia, inayofanya nyuzi zionekane kama ziko chini ya maji matulivu. Safarini ilikuwa imechubuka. Fundi mkuu akapulizia klia mpya, lakini vumbi la Shinyanga halina adabu, halibishi hodi. Liliingia humo, likakauka humo, na uso wa boneti ukatoka vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kazi yangu ikawa kuondoa vile vipele kwa msasa wa maji, kisha kung'arisha mpaka mtu aone meno yake.

"Bati ukilichubua, unapaka tena," fundi mkuu alinionya. "Huu mkeka ukizifikia nyuzi zake, umezikata. Hakuna wa kuzisuka hapa. Angalia maji yako. Yakiwa meupe kama maziwa, unakula klia. Yakiwa meusi, weka msasa chini uanze kusali."

Nilikata kipande cha ndala kuukuu, nikaufunga msasa hapo, maana vidole vitupu huchimba mitaro usiyoiona mpaka jua likupe aibu. Nikachovya kwenye maji ya sabuni, nikasugua. Maji yalitoka meupe. Kwenye kingo, ambako klia huwa nyembamba kuliko mahali pengine, nilisugua kama mtu anayemfuta mtoto uso amelala. Vipele vilipoisha boneti yote ilikuwa imefubaa, haina hata chembe ya mng'aro, na hapo ndipo nilipoanza kupaka dawa ya kung'arisha. Upande mmoja ulipotoa macho, mkeka mweusi ukanitazama kutoka chini, nikapiga kelele za furaha peke yangu. Asubuhi ya Ijumaa kilibaki kipande kidogo cha katikati. Nikakiacha, nikaenda stendi kumpokea mama.

Mama alishuka kwenye basi amejifunga khanga moja kiunoni na nyingine amejitanda mabegani, kilemba kichwani, hana mzigo. Mtu anayekuja kukaa hubeba mzigo. Mtu anayekuja kuchukua huja mikono mitupu. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hatujavuka barabara nilikuwa nimeshamwambia kwamba sirudi.

"Utarudi," akasema, hana hata hasira. "Watu wazima hawalipwi kwa kupapasa."

"Si kupapasa, mama. Ni kazi."

"Haya. Mimi si mkaidi. Nionyeshe kitu kimoja, kimoja tu, ambacho mikono hii imekimaliza na mtu mwenye akili akakithamini. Kikiwepo narudi peke yangu. Kisipokuwepo, basi la mchana tunapanda wawili."

Nilikaribia kucheka. Nilimshika mkono, nikamvuta kwenda gereji kama mtu anayekwenda kuonyesha mtoto mchanga.

Fundi mkuu alikuwa amesimama mbele ya boneti na uso wa mtu aliyekula ndimu. Nikaangalia. Pale katikati, na hata kwenye upande wangu niliokuwa nimeumaliza, kulikuwa na mikwaruzo myembamba, mingi, ya mduara, kama paka amecheza pale asubuhi nzima.

"Nilitaka kukusaidia," fundi mkuu akasema. "Ugeni umekujia, nikasema nimalizie. Matambara yako yote yalikuwa machafu. Nikaona pamba." Akaonyesha msumarini. Kiroba changu kilikuwa kimefunguliwa. "Pamba ya Kishapu! Kuna kitu laini kuliko pamba ya Kishapu?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwajiri wake, wala mzee, wala mtu yeyote mbele ya mama yake. Nilimwambia kwamba aliyezaliwa kwenye pamba, akakulia kwenye pamba, akauze pamba, aniachie boneti yangu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Alinijibu jambo moja tu, kwamba kosa haliwezi kuwa la pamba, na akalisema kwa imani kabisa, kama mtu anayemtetea mjomba wake. Kwetu huku unaweza kutukana mvua, unaweza kutukana serikali, lakini pamba haitukanwi.

Mama akatupita sisi wawili. Akaenda kwenye kiroba, akachota pamba, akaivuta taratibu kwa vidole huku ameiinua kwenye mwanga.

"Nani kasema hii ni ya kusugulia?" akauliza.

"Si pamba yako, mayu?" fundi mkuu akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ni yangu. Ni fifi."

Fundi mkuu akashika kiuno. Mimi nikakaa chini kwenye ndoo. Kila mtoto wa mkulima wa pamba anajua kuchambua: pamba safi upande huu, inakwenda kwenye mizani, fifi upande ule, ile yenye madoa na vipande vya majani makavu na maganda yaliyosagika, bei yake ni ya kuonea huruma. Nimechambua tangu nilipojua kukaa. Wala haikunijia kwamba mama hawezi kumpa mtu pamba safi ailalie.

"Nani anaweka pamba safi kwenye mto?" mama akasema. "Kichwa kinaona?" Akatoa kijiganda kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi, akakiweka kwenye kiganja cha fundi mkuu. "Hicho ndicho kimekukwaruzia gari lako. Pamba haina kosa."

"Nilisema!" fundi mkuu akadakia, na wakatazamana kwa furaha, wamekubaliana kabisa, huku boneti imeharibika na mimi natafuta pa kulilia.

Basi la mchana lilikuwa bado. Mama akavuta kigoda, akakaa, akasema, "Haya, mfanya kazi. Fanya."

Nikachukua msasa laini kuliko wote, nikaloweka, nikaanza upya. Mama aliona ule mng'aro uliobaki unakufa chini ya mkono wangu, akashindwa kunyamaza.

"Mbona unaiharibu? Ilikuwa inang'aa!"

"Lazima ife kwanza, mama."

"Mnaifubaza ili muing'arishe. Na hilo gari, kwa nini wamelitengeneza kwa mkeka?"

Nikachovya msasa tena. Klia ilikuwa imeshaliwa mara moja, sasa naila mara ya pili, na sikujua imebaki kiasi gani. Nilisugua kidogo, nikapangusa, nikatazama. Maji meupe. Nikasugua, nikapangusa. Meupe. Kisha kwenye mkunjo wa mbele maji yakatoka na weusi. Nikaweka msasa chini. Hata kusali sikuweza. Nikamwaga maji safi pale, nikainama mpaka pua ikagusa, na chini ya klia nyuzi zilikuwa nzima, zote, hakuna hata moja iliyoguswa. Weusi ulikuwa wa soli ya ndala, iliyokuwa imeanza kumeguka. Nilicheka kwa sauti kubwa kiasi kwamba fundi mkuu alidhani nimerukwa na akili. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama, hata sijui alisimama saa ngapi, na mkono wake ulikuwa kifuani.

Mikwaruzo ilipoisha tukakwama kwenye jambo la kijinga: hatukuwa na kitambaa safi. Tajiri alifika wakati huohuo kuangalia mali yake. Akamwamkia mama, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akaelezwa yote. Akageuka rangi, lakini ni mtu wa vitendo. Akatuma dukani ikaletwa khanga mpya kabisa, bado imekunjwa.

Mama akaipapasa, akatikisa kichwa. "Hii ina dondo, baba. Imekakamaa kama karatasi. Itamkwaruzia mwanangu kazi yake."

Kazi yake. Nililisikia neno hilo, na nadhani fundi mkuu naye alilisikia, kwa sababu alijifanya anatafuta kitu juu ya rafu.

Mama akavua khanga ya mabegani. Ilikuwa kuukuu, imefuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki tena, na laini kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya gereji ile. Nilikuwa nimebebwa mgongoni kwa khanga ile. Akaishika pindo kwa meno, akaichana katikati, na mlio wa kuchanika nausikia mpaka leo. Nusu akajitanda. Nusu akanirushia.

"Sugua," akasema. "Jua linakwenda."

Nilisugua. Macho yalinilenga machozi, na sioni sababu ya kuficha, nilikuwa na furaha na nilikuwa nampenda. Mkeka mweusi ulipanda juu kidogo kidogo kutoka kwenye ukungu, mpaka bati la gereji, na wingu, na sisi wanne tukaonekana humo. Tajiri alizunguka boneti akitafuta kosa, akalikosa. Kisha akamsukumia mama ile khanga mpya, pea nzima, akamwambia hiyo ndiyo shukrani yake kwa kuzaa fundi wa namna hii.

Mama aliangalia uso wake kwenye boneti. Alirekebisha kilemba.

Basi la mchana alipanda peke yake. Wiki kadhaa baadaye jirani mmoja wa Kishapu alipita gereji, akanisimulia kwamba mama anakwenda mnadani na kipande cha khanga kilichochanika, wakati mpya iko sandukuni, na wanawake wakimuuliza nusu nyingine imepatwa na nini huwajibu bila kugeuka:

"Iko Shinyanga. Inafanya kazi."