Ganda la Kahawa Ndani ya Projekta

Kila nikifuta vumbi kwenye projekta ya zamani iliyoko sebuleni kwangu, namkumbuka bibi. Alikuwa amepanda milima kutoka Lipingo, kando ya ziwa, kuja Mbinga, na alitaka sana kuona gari moshi kwenye sinema kabla lori la kumrudisha ziwani halijaondoka. Baba mdogo, aliyeendesha sinema ya parokia, aliziba madirisha ya ukumbi kwa magunia ya kahawa kama tulivyozoea. Gari moshi likatokea, lakini picha ilitetemeka.

"Mwanangu, hilo lina malaria," bibi alisema. "Mimi napanda lori langu."

"Mama, kaa kidogo."

Baba mdogo alizima mashine. Akagusa mpira unaozungusha magurudumu, ulikuwa umekaza. Akakagua matundu ya filamu, yalikuwa mazima. Ndipo akafungua kilango ambamo filamu hupita mbele ya taa, akatoa kwa ukucha ganda la kahawa lililodondoka kutoka kwenye gunia.

Safari hii gari moshi lilikuja limetulia. Nje, lori likapiga honi.

"Mwambieni dereva asubiri," bibi alisema bila kugeuka. "Hili bado halijafika."